Pasipoti Hufa Kabla ya Tarehe Yake

Ni watu wachache Afrika Mashariki wanaotoka nje ya nchi yao mara nyingi kama mchuuzi wa Koboko. Mji wake umekaa pembeni kabisa mwa Uganda, karibu na Salia Musala, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Leo yuko Oraba akivukia Kaya, upande wa Sudan Kusini. Siku ya soko utamkuta Ariwara, upande wa Kongo, akipatana bei ya vitenge. Mashemeji zake wako ng'ambo zote mbili, na misiba haijui mpaka. Katika safari zote hizo pasipoti haiguswi. Anavuka kwa kitambulisho cha taifa, kwa hati ya muda, kwa barua ya mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), au anapita njia za panya. Pasipoti, kama anayo, iko nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, chini ya nguo za sikukuu, ikingoja safari ya mbali: umra, masomo, matibabu India, kazi ya Ghuba.

Safari hiyo ikija, bahasha inafunguliwa na tarehe inasomwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mwenyewe anaona imebaki miezi mitano, anamshukuru Mungu kwamba kitabu bado ni kizima. Lakini kwa nchi nyingi anazoweza kwenda, kitabu hicho kimeshakufa.

Kanuni inayokiua haimo katika mkataba wowote mmoja wa dunia. Kila nchi imejiwekea yake, na ndiyo sababu ushauri wa mtaani haukosi kupotosha: aliyekwenda Johannesburg anamwambia anayekwenda Jeddah mambo ya Johannesburg. Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, India na China zinataka pasipoti yenye uhai wa miezi sita. Kenya na Tanzania zinawadai wageni vivyo hivyo, na Uganda yenyewe inamtaka mgeni anayetua Entebbe awe na miezi sita, kwa hiyo hatuwezi kulia kwamba tunaonewa na watu wa mbali. Nchi za Schengen barani Ulaya hazitaji miezi sita: zinataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, yenye uhai wa miezi mitatu kuanzia siku unayokusudia kuondoka, na mwombaji wa viza awe na kurasa mbili tupu. Afrika Kusini inataka siku 30 baada ya kuondoka. Uingereza inatosheka pasipoti ikiwa hai kwa muda wote wa kukaa kwako. Marekani inadai miezi sita baada ya muda wa ziara, ila inawasamehe raia wa nchi kadhaa ambazo imepatana nazo.

Katika orodha hiyo, idadi ya miezi siyo inayowakwaza watu zaidi. Kinachowakwaza ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Wengine wanahesabu tangu siku ya kuingia, wengine tangu siku ya kutoka, na tofauti yake ni urefu mzima wa safari. Anayekwenda kumuuguza ndugu yake Delhi na anayekwenda mkutano wa siku nne Brussels wanaweza kuwa na pasipoti zenye tarehe moja, na mmoja akaruka mwenzake akabaki.

Kwa nini miezi sita? Nchi inayompokea mgeni haimwogopi wakati anaingia. Inaogopa wakati wa kumtoa. Mgeni anaugua, anafungwa, anakosa ndege, vita inazuka kwao, viza inaongezwa muda. Pasipoti yake ikifa akiwa ndani, mwenyeji anabaki na mtu asiyeweza kurudishwa mpaka ubalozi wake uandike karatasi nyingine, na si kila nchi ina ubalozi kila mahali. Miezi sita ni akiba ya mwenyeji, inayolipwa na mgeni. Ukiitazama hivyo, ina mantiki. Ubaya wake ni kwamba haikuandikwa popote kwenye kitabu chenyewe. Kitabu kinakuambia miaka kumi, na dunia inakupa tisa na nusu.

Halafu, mtu wa kwanza kuitekeleza kanuni hiyo si afisa wa uhamiaji wa Jeddah wala wa Dubai. Ni kijana au binti wa shirika la ndege aliyesimama nyuma ya kaunta ya Entebbe. Mashirika ya ndege hutumia hifadhidata iitwayo Timatic, inayosimamiwa na IATA, chama cha mashirika hayo, ambayo imekusanya masharti ya kila nchi. Kompyuta ikikataa, mizigo yako hairuki. Shirika halina huruma hapo kwa sababu faini ni yake: tangu 2001 agizo la Umoja wa Ulaya limezitaka nchi wanachama ziyatoze mashirika faini ya maelfu ya euro kwa abiria mmoja aliyeletwa bila hati zinazotakiwa, na gharama ya kumrudisha vilevile ni juu yao. Kwa hiyo ukisema, "Binti yangu, mwenyeji wangu ananingoja kule," utajibiwa kwa adabu, "Mama, samahani, mfumo unakataa," na foleni itaendelea.

Mfumo huo unasoma nini? Fungua ukurasa wa picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na vialama vya pembe, kila mmoja una nafasi 44. Wa juu unaanza na P, unaendelea na UGA, kisha majina. Wa chini una namba ya pasipoti, tena UGA, tarehe ya kuzaliwa, herufi ya jinsia, halafu tarakimu sita za tarehe ya mwisho zilizopangwa mwaka, mwezi, siku. Pasipoti inayokwisha tarehe 14 Machi 2029 itaandikwa 290314, na baada yake itakuja tarakimu ya saba, 9, ambayo si sehemu ya tarehe. Ni ya kukagua: zidisha tarakimu sita kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mpangilio, jumlisha, upate 69, chukua tarakimu ya mwisho. Aliyekwangua 2 akaichora 3 ameshakamatwa na hesabu ya darasa la tano kabla hata chipu iliyomo kitabuni haijaguswa. Mashine haioni uso wa mtu wala haijui kwamba umeuza ng'ombe wawili kupata tiketi. Inachukua 290314, inatoa tarehe ya leo, inalinganisha na sharti la nchi unakokwenda.

Tumfuate mama mmoja wa kubuni wa Koboko, mwenye kitabu hicho cha Machi 2029. Amepata nafasi ya umra, anatakiwa aingie Saudi Arabia tarehe 20 Septemba 2028. Miezi sita tangu kuingia inamfikisha 20 Machi 2029. Pasipoti yake inaishia tarehe 14. Amepungukiwa na siku sita, na siku sita ni sawa na kukosa yote.

Mwaka niliouchagua una sababu yake. Uganda ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, kufuatia uamuzi wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliozindua mfano wake Arusha mwezi Machi 2016. Pasipoti ya kawaida ya mtu mzima ina uhai wa miaka kumi. Maana yake ni kwamba kizazi cha kwanza cha vitabu hivi kitafikia ukomo mwanzoni mwa 2029, na kwa kanuni ya miezi sita kitaanza kufa katikati ya 2028. Waganda wengi wenye pasipoti hizi hawajawahi kuzihuisha hata mara moja. Desturi ya kuhesabu kurudi nyuma haijajengeka, kwa sababu haijahitajika.

Wanachokikumbuka ni jambo jingine. Wenye pasipoti za zamani waliambiwa mwisho ni 31 Januari 2021. Janga la korona likaja, tarehe ikasogezwa hadi 4 Aprili 2022. Siku hiyo vitabu vya zamani viliachishwa kazi, vikiwemo vilivyokuwa vimebakiza miaka. Mtu aliyelipia kitabu kipya 2017, akijua kitamfikisha 2027, alikuta kimekwisha katikati. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa somo zuri kuliko tangazo lolote, ingawa lilikuwa la gharama: tarehe iliyochapwa ni upeo wa juu tu, na serikali iliyoichapa inaweza kuishusha. Tanzania ilifanya vivyo hivyo mapema zaidi, ikaanza kutoa kitabu kipya Januari 2018 na kuzima cha zamani mwishoni mwa Januari 2020. Kenya ilianza 2017, ikaahirisha na kuahirisha hadi Novemba 2022.

Matokeo ya tarehe kama hiyo ni msongamano, na msongamano una tabia ya kurudi. Waliokimbilia vitabu vipya 2021 na 2022 walipewa miaka kumi ile ile, kwa hiyo wote watarudi pamoja kati ya 2031 na 2032. Mwendo huu unajulikana kwa kila ofisi inayotoa hati yenye ukomo, na bado hushangaza kila mara. Uganda imeshauona kwenye vitambulisho vya taifa. Usajili mkubwa wa 2014 na 2015 ulitoa kadi za miaka kumi kwa mamilioni ya watu kwa mkupuo. Mwaka 2024 kadi hizo zikaanza kukwisha kwa mkupuo. Serikali ikalazimika kuziongezea muda, na usajili wa jumla wa kuzihuisha ukaanza tarehe 27 Mei 2025.

Kitambulisho ndicho kinachofanya uhuishaji wa pasipoti uwe kazi ya hatua nyingi kuliko inavyoonekana kwenye tangazo. Ombi linajazwa kwenye intaneti, na linaanzia kwenye NIN, namba ya herufi na tarakimu 14 inayotolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Majina yanayotoka huko ndiyo yatakayochapwa. Kwa watu wa West Nile, mkoa wa Koboko na Arua, hapo pana mtego wake. Jina moja la Kikakwa au Kilugbara lina tahajia mbili tatu, kutegemea kama aliyelisikia kwanza alikuwa padri, sheikh, mwalimu au karani. Kwenye cheti cha shule liko hivi, kwenye ubatizo vile, kwenye kitambulisho lina herufi moja zaidi. Mtu anayevuka kwenda Kongo pale Vurra hataulizwa herufi hiyo. Anayeomba pasipoti ataulizwa, na kuisahihisha ni safari yake peke yake: wakili, hati ya kiapo, NIRA, kungoja, ndipo arudi kwenye ombi. Ukisikia mtu wa Arua amechukua miezi kadhaa kupata pasipoti, mara nyingi kitabu chenyewe hakikuchelewa. Kilichochelewa ni kitu kilichotangulia.

Na kuna swali la uraia, ambalo mtu wa mpakani huulizwa kwa sauti tofauti kidogo. Katiba ya Uganda ya 1995, katika Jedwali la Tatu, inaorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Wakakwa wamo, Walugbara wamo, Wanubi wamo. Kwa karatasi hakuna ubishi. Lakini ardhi hii ilikuwa eneo la Lado la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikahamishiwa Sudan mwaka 1910, ndipo ikaunganishwa na Uganda 1914. Mpaka uliwapitia Wakakwa katikati, ukawagawa kwa nchi tatu. Afisa hawezi kumtofautisha Mkakwa wa Koboko na wa Yei, Sudan Kusini, kwa kumsikiliza. Ongeza historia ya baada ya 1979: Idi Amin, mtoto wa Koboko, alipoanguka, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa wingi, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya themanini. Watoto waliozaliwa huko uhamishoni leo ni watu wazima wenye watoto wao. Ni Waganda wa kuzaliwa kwa sheria, maana wazazi wao walikuwa raia wa kuzaliwa, ila mahali walipozaliwa panasomeka Aru ya Kongo au Yei. Anayeomba kwa mara ya kwanza ajiandae kwa mahojiano na karatasi za wazazi. Anayehuisha ana nafuu kubwa: pasipoti ya zamani ni ushahidi kwamba swali hilo limeshajibiwa. Hii ni sababu nyingine ya kutoiacha pasipoti ife ikasahaulika mpaka ikapotea, kwa sababu aliyeipoteza anarudi kwenye maswali, na juu yake anapeleka taarifa ya polisi.

Umbali nao. Kutoka Arua hadi Kampala ni kama kilomita 500, na mlango wa West Nile kwa njia hiyo ni daraja la Pakwach, kisha Karuma. Daraja la Karuma, lililojengwa 1963, lilifungwa kwa matengenezo Septemba 2024 hadi karibu na mwisho wa mwaka, na magari mazito yalikuwa yameshazuiwa miezi kadhaa kabla. Wasafiri walizungushwa kupitia mbuga ya Murchison Falls na Masindi. Huduma ya pasipoti ilipoanza kupelekwa mikoani ilianzia Mbale, Mbarara na Gulu, na kwa miaka mingi Gulu ndiyo ilikuwa karibu zaidi kwa mtu wa Koboko, yaani nje ya West Nile, ng'ambo ya mto. Alama za vidole na picha lazima zichukuliwe mwenyewe ukiwepo. Hakuna kumtuma mjomba. Mtu wa Ntinda, Kampala, anapanda boda kwa dakika ishirini. Mtu wa Oraba analipa basi, malazi na siku za duka lililofungwa. Kwa hiyo ada ni ile ile kwa wote, lakini bei si ile ile.

Ada rasmi ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, na anayetaka ya haraka anaongeza 150,000. Malipo yanafanyika benki au kwa simu baada ya mfumo kukupa namba ya malipo. Watu wengi wa mikoani hulipa ya haraka wakiwa hawana safari ya haraka, ili tu wasisafiri mara mbili. Hiyo ni kodi ya umbali. Haiitwi hivyo, lakini ndiyo yenyewe. Na pale penye haraka ndipo broka anapopata mlango: anajua kwamba aliyetoka Arua hawezi kurudi mikono mitupu, na bei anayotaja inapanda kadiri tarehe ya tiketi inavyokaribia.

Ng'ambo ya Vurra mambo yamekuwa mabaya zaidi, na ni vizuri kuyataja ili tusidhani karaha hii ni ya Uganda peke yake. Pasipoti ya Kongo ina uhai wa miaka mitano tu. Ilipofanywa ya kielektroniki mwaka 2015 bei yake ilikuwa dola 185, na uchunguzi wa shirika la habari la Reuters mwaka 2017 ulionyesha kwamba serikali ilibakiwa na dola 65 katika hizo. Nyingine zilikwenda kwa kampuni na washirika wake. Baadaye bei ilishushwa hadi dola 99. Kwa mfanyabiashara wa Aru, kanuni ya miezi sita inakula sehemu ya kumi ya kitabu, wakati kwa jirani yake wa Arua inakula sehemu ya ishirini. Kenya yenyewe, ambayo tunaiona imetutangulia kwa mashine, mwaka 2023 ilikuwa na mlundikano mkubwa wa maombi, mitambo ya kuchapa ya Nyayo House, Nairobi, ikiwa imechakaa, na ada ikapandishwa hadi shilingi 7,550 za Kenya kwa kitabu cha kurasa 34.

Wakimbizi wa makazi ya Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi wako kwenye hesabu nyingine kabisa. Hawaombi pasipoti ya Uganda. Wanaweza kupewa hati ya safari ya mkimbizi chini ya kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006. Kwa mkimbizi aliyepata ufadhili wa masomo, kuhesabu miezi kurudi nyuma kuanze siku anapotuma ombi la chuo, asingoje barua ya kukubaliwa. Hilo lingestahili makala yake.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato: kitabu kikikaribia kwisha, afisa aligonga muhuri wa kuongeza muda, akaandika kwa kalamu tarehe mpya. Wazee wengi bado wanaiulizia. Haipo tena, na si kwa ukaidi wa Kampala. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, kinakataza kuongeza muda wa pasipoti inayosomwa na mashine, kwa sababu iliyo wazi ukirudi kwenye ile mistari miwili: muhuri unabadilisha ukurasa wa nyuma, lakini 290314 inabaki pale pale, na chipu inasema vilevile. Kwa hiyo kinachoitwa kuhuisha ni kupata kitabu kipya chenye namba mpya.

Namba mpya inaleta kazi ambayo wengi hawaitarajii. Viza iliyobandikwa kwenye kitabu cha zamani haihami. Ya Marekani hubaki halali hadi tarehe yake mradi haijaharibiwa, na mwenyewe husafiri na vitabu vyote viwili. Uingereza, iliyohamia viza za kidijitali, inamtaka mtu aingie kwenye akaunti yake abadilishe namba ya pasipoti. Aliye Ghuba anapaswa kufikisha namba mpya kwa mwajiri ili kibali cha ukaazi kifuate, na hapo ndipo wasichana wengi wanapokwama: pasipoti inashikiliwa na tajiri, tarehe hawaioni, na ukaazi hauhuishwi bila pasipoti iliyo hai. Dada anayekwenda Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili na kitabu chenye miaka miwili na nusu amebeba tatizo ambalo litazaliwa akiwa kule. Mawakala hawalitaji, kwa kuwa kwao kazi inaishia anapopanda ndege. Kama ningekuwa na neno kwa wazazi wa Arua wanaosaini fomu hizo, lingekuwa hili: soma tarehe ya mwisho ya pasipoti kando ya tarehe ya mwisho ya mkataba, na piga picha ukurasa wa picha ibaki nyumbani.

Kinachowazuia watu kuhuisha mapema ni hisia kwamba wanatupa pesa. Kitabu kipya kinaanza kuhesabiwa tangu siku kinapotolewa. Miezi iliyobaki kwenye cha zamani inapotea. Lakini tuipige hesabu. Shilingi 250,000 kwa miezi 120 ni kama 2,083 kwa mwezi. Miezi sita ya mwisho, ambayo kwa safari nyingi za mbali haikufai kitu, ina thamani ya 12,500. Ukihuisha mwaka mzima kabla, umetupa 25,000. Weka hiyo kando ya 150,000 za haraka, au kando ya tiketi ya Jeddah isiyorudishwa pesa, na swali linajijibu. Isipokuwa kwa mtu mmoja: yule asiyevuka zaidi ya Kaya na Ariwara. Kwake miezi yote hiyo haina thamani yoyote, wala kitabu chenyewe. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2016, Kongo tangu 2022, na Uganda iliwaondolea Wasudani Kusini viza Oktoba 2021. Kwa Kenya na Rwanda, Mganda anaingia kwa kitambulisho tangu 2014. Nisingemshauri atumie 250,000 kuhuisha kitu atakachokirudisha chini ya nguo, ila ahakikishe kitambulisho chake ni kipya na majina yake ni sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo linalochukua muda safari ya mbali ikija ghafla.

Je, serikali isingeweza kumrudishia anayewahi ile miezi yake? Uingereza ilifanya hivyo kwa miaka mingi, ikiongeza hadi miezi tisa iliyobaki juu ya kitabu kipya, mpaka ilipoacha Septemba 2018. Kisha nchi ikatoka Umoja wa Ulaya, na Waingereza wenye vitabu vya miaka kumi na miezi tisa wakaanza kurudishwa kwenye viwanja vya ndege, maana Schengen inahesabu miaka kumi tangu kutolewa na haitambui nyongeza. Zawadi ikageuka kikwazo. Afadhali Uganda isilifuate hilo. Punguzo la ada kwa anayehuisha kabla ya miezi kumi na miwili lingefanya kazi ile ile bila kuchezea tarehe, na lingewatawanya watu wa 2031 wasije wote kwa pamoja. Timu za kuchukua alama za vidole zikipelekwa Koboko na Arua kwa wiki chache kila mwaka, kama NIRA inavyofanya kwa vitambulisho, zingepunguza sehemu kubwa ya ile kodi ya umbali.

Mpaka hayo yafanyike, kalenda ni ya mtu mwenyewe. Mwenye kitabu kilichotolewa Machi 2019 anayetazamia umra ya Septemba 2028 anaweza kukipeleka Machi ya mwaka huo, akishakagua kitambulisho chake mwaka uliotangulia, na akasafiri na kipya. Cha zamani akiombe arudishiwe baada ya kutobolewa, akihifadhi pamoja na kipya, hasa kama kina viza ya zamani ndani yake: ubalozi utakaofuata utauliza aliwahi kwenda wapi, na majibu yako kwenye mihuri ile.